Kisigino cha Agathe

Minye Claudette nasema yale niliyoyaona kwa macho yangu, na anayebisha aje Kalundu aniulize.

Agathe, jirani yangu, alikuwa na kisigino kibaya. Miaka mitatu, kila asubuhi akishuka kitandani, hatua ya kwanza tu: "Yesu wangu!" Mtaa mzima tunasikia. Na ilikuwa miaka ya vita, ya kukimbia kila mara. Risasi zikianza, bwana yake Evariste, fundi wa kujenga, anampakia ndani ya burweti yake ya kubebea mchanga, ile ya gurudumu moja, anasukuma mpaka mpakani Kavimvira. Sisi wenye visigino vizima tumeshawapita zamani. Mara ya mwisho risasi ilitoboa burweti kando ya paja lake.

"Siku moja huyu mwanaume atakufa sababu ya minye," Agathe aliniambia, analia kabisa. "Nataka kukimbia kwa miguu yangu mwenyewe."

Sasa sikia ujinga wetu, na minye nikiwemo. Tuliamua kwamba kile kisigino kinajua vita. Agathe akipiga kelele kidogo, tunapika. Akipiga kelele sana, tunafunga magodoro. Na kwa kuwa vita ilikuja karibu kila wiki, kisigino hakikukosea!

Basi akaja Dokta Bigirimana lopitalini na vyombo vyake vidogo. Akamweleza Agathe kwamba chini ya unyayo kuna ukanda mgumu ulioshika kisigino, nao umekaza mno. "Nitatoboa tundu dogo, niukate kidogo tu ulegee. Hutalala hapa." Shefu wa avenyu yetu aliposikia, akamwandikia dokta barua yenye muhuri, kuomba kisigino kiachwe kama kilivyo kwa usalama wa wakaaji. Dokta aliisoma mara mbili, akauliza kama shefu naye ni mgonjwa.

Agathe alipasuliwa asubuhi, saa sita iko nyumbani. Kwetu mtu aliyepasuliwa tunamletea chakula, naye anatuonyesha kidonda. Nilileta mukeke mzima wa kuchoma. Akafungua bandeji. Alama ndogo kama punje ya mchele!

"Kidonda kiko wapi?"

"Ndicho hicho."

"Weye! Samaki mzima kwa hiki?"

Inamahoro, jirani wa nyuma, alichukua bugali yake akarudi nayo.

Wiki zikapita, kelele zikapungua, zikapungua. Halafu asubuhi moja, kimya. Tukafurahi kama wajinga: leo amani! Wanawake wakaanika nguo, minye nikaloweka maharagi. Saa tatu mabomu yakaanza kuanguka.

Agathe alikuwa sokoni. Alikimbia, jamani! Alinipita minye, akampita shefu na muhuri wake. Nilimkuta Kavimvira anacheka, anapiga kisigino chini. "Claudette, haiumi!" Kisha akaangalia nyuma. "Evariste iko wapi?"

Hakuna aliyemwona. Kicheko kikaisha palepale. Tulisimama kando ya barabara, Agathe anashika nguo ya kila anayepita, anauliza, anaachia. Nilianza kuogopa kweli.

Jua lilikuwa limeshainama alipotokea, anasukuma burweti. Tupu. Amejaa vumbi, damu kwenye sikio. Miaka yote hiyo hakuwahi kukimbia bila kumpakia kwanza. Kumbe mabomu yanaanguka, naye anamtafuta chini ya kitanda, chooni, kwa majirani, anaita jina lake.

Agathe alimpiga kifuani kwa ngumi. "Nilipasuliwa ili usife sababu ya minye! Ulisahau?"

"Nilisahau," alisema Evariste. "Nilijua tu huwezi kutembea." Akakaa chini barabarani.

Hakuna aliyecheka, hata shefu. Agathe alijipangusa uso, akashika mikono ya burweti.

"Panda."

Evariste alikataa, akalalamika kwamba watu wanaangalia. Kisha akapanda, na Agathe akamsukuma mpaka ng'ambo ya mpaka, pole pole, na kisigino chake kinakanyaga chini kila hatua.