Mke Mwenza wa Kwenye Kompyuta

Nililetewa mke mwenza macho ya mume wangu yalipokwisha. Presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya nuru kidogo kidogo, mpaka akabaki kutofautisha mchana na usiku tu. Ndipo binti yetu akamwekea kwenye kompyuta programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Ilikuwa sauti ya mwanamke wa Kizungu, akisoma Kiswahili kama mtu mwenye muhogo wa moto mdomoni. Basi tangu asubuhi hadi adhuhuri wamo chumbani wawili, huyu anabonyeza, yule anasema, na mimi nikipita na ndoo yangu naambiwa nisipige kelele. Kama huyo hakuwa mke mwenza, sijui mke mwenza ni nani.

Kazi yao ilikuwa kadi. Hapa kwetu Tiwi, mtu akimwoza binti yake huja kwa mume wangu kuandikiwa kadi ya mwaliko. Wachapaji wako tele Ukunda, tena wana karatasi za kumetameta, lakini hawajui kwamba ami mkubwa wa bibi harusi asipotajwa hatakanyaga shughulini, wala hawajui mama wa kambo aliyelea aandikwe mstari upi. Mume wangu anayajua hayo. Alikuwa karani wa stoo katika hoteli moja Diani, na kadi alikuwa akiziandika jioni akirudi. Macho yalipokwenda, hoteli ilimuaga, zikabaki kadi. Kila hodi ya mtu wa kadi inapopigwa, mgongo wake hunyooka, na mimi huo mgongo naupenda kuliko fedha yoyote waliyowahi kumlipa.

Sasa asubuhi moja mke mwenza akasoma tangazo ambalo hatukumwomba. Mfumo wa kompyuta hii umezeeka, akasema, walioutengeneza hawataulinda tena, tafadhalini hamieni mfumo mpya. Tangu siku ile akawa halali wala halazi. Na mashine yenyewe ilikuwa imeshakuwa nzito, ukiiamuru jambo inafikiri kwanza, na siku nyingine inazimika katikati ya kazi.

"Baba, tuubadilishe," alisema binti yetu, ambaye anafanya kazi mapokezi ya hoteli na mambo haya anayaelewa. "Siku mdudu akiingia humo, kadi zote za watu zitapotea."

Nilijibu mimi, ingawa aliyeulizwa si mimi. Nilisema hakuna kubadilisha.

Nyumba yetu ina sheria: kiti hakisogezwi. Sikukuu moja ya Idi binti yetu alisogeza stuli ili wageni wapate nafasi, babake akaikwaa, akaanguka mbele ya watu. Goti lilipona upesi. Yeye alishinda kitandani Idi nzima, na haikuwa kwa maumivu. Kompyuta nayo ni nyumba yake ya pili, vidole vyake vinajua mlango uko wapi na dirisha liko wapi. Kubadilisha mfumo ni kusogeza viti vyote kwa mkupuo, na kumletea sauti nyingine asiyoizoea. Akishindwa hatasema ameshindwa. Atasema kadi zimemchosha, ataketi barazani, na hodi zitakoma. Hilo ndilo nililoliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali.

Mume wangu hakubishana nami. Alikwenda kusali istikhara, Mungu amwongoze. Istikhara ya kompyuta! Nilitaka kucheka, nikaogopa dhambi.

Haikuchukua muda, mashine ikazimika na kadi ya watu wa Waa ndani yake, na harusi yao inakaribia. Binti yetu akamleta fundi kutoka Ukunda, mwanamke wa makamo, mtu wa bara, mchangamfu. Alikiondoa kile kitambaa nilichokifuma kwa mkono wangu kuifunika mashine, akafungua ubavu wake, akarudi nyuma akipiga chafya.

"Mama, nani anavuta sigara kwa hii nyumba?"

Hakuna aliyevuta. Iliyopanda mle ndani ilikuwa harufu ya udi. Kila Alhamisi jioni nafukiza nyumba nzima, kama mama yangu alivyokuwa akifukiza, na mume wangu mwenyewe ndiye aliyeshikilia chetezo kikae chini ya meza yake, kazi ipate baraka. Baraka ziliingia. Feni ilikuwa nyeusi ti, imegandwa na masizi na vumbi, na juu yake mimi nimeifunika kitambaa isipate vumbi.

"Shida si uzee," fundi alisema. "Hewa haipiti. Hii kitu ilikuwa inachemka tu."

"Si nilikwambia inapumua kwa tabu?" mume wangu akanigeukia, anacheka mpaka ameshika mbavu. "Nawe ukaniambia imezeeka. Haya, mwenye macho haambiwi tazama!"

Nilicheka nami, ningefanyaje? Fundi alisugua kwa brashi, akapuliza, akafunga, na mashine ikaamka bila kunguruma. Akasema sasa ina nguvu ya kubeba mfumo mpya, na kwamba siku hizi zipo hata sauti zinazosoma Kiswahili chenyewe. "Lakini si lazima leo. Ni nyinyi mtaamua."

"Tutaiacha hivyo hivyo," nikasema upesi. "Imeshapona."

"Mke wangu," alisema mume wangu, na kicheko kilikuwa kimemtoka. "Unaogopa kwa niaba yangu. Nani amekutuma?"

Niliokota kitambaa changu, nikaanza kukikunja.

"Nyumba hii niliijua kwa kujigonga. Niache nijigonge tena."

Nilikwenda jikoni nikakuna nazi ambayo sikuwa na haja nayo. Nilipotoka, kadi zote zilikuwa zimehifadhiwa pembeni kwenye diski, na mfumo wa zamani ulikuwa umeshaondoka.

Siku zilizofuata zilikuwa chungu. Anabonyeza pale pa zamani, ile sauti mpya inamjibu mengine. Mara anapiga meza. Mara anaweka mikono mapajani, nami nimesimama mlangoni nimeuma ulimi, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini. Binti yetu akipiga simu kumwelekeza, babake anamsikiliza, kisha anamwambia kata, nijaribu mwenyewe.

Mama wa ile harusi ya Waa akaja kabla mume wangu hajawa tayari.

"Asalaam aleikum. Shikamoo, mzee. Nimekuja na aibu yangu," alisema. "Tumemsahau ami wa Kikoneni, na habari zimeshamfikia."

"Waaleikum salaam, marahaba. Karibu, keti. Ami tutamwingiza sasa hivi."

Nilimwendea mume wangu nimwongoze kidole.

"Ondoa mkono, mama," aliniambia kwa upole.

Akabonyeza, akapotea. Akarudi nyuma, akapotea tena. Mgeni alikuwa akimtazama, nami nilitazama sakafu. Kisha ikatoka sauti ya mwanamke, Kiswahili kimenyooka, ikasoma kadi tangu bismillahi mpaka mahali pa karamu, na ami wa Kikoneni akatajwa mahali pake, juu ya wadogo zake.

"Mashallah!" mgeni alisema. "Nani huyo?"

"Muulize mke wangu. Wanajuana."

"Mke mwenza," nikasema. "Huyu angalau tunasikilizana." Nilikuwa nalia, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba mume wangu haoni, kisha nikakumbuka kwamba sauti yangu anaijua vizuri.

Alhamisi nilizunguka na chetezo vyumba vyote, nikaishia mlangoni pake.

"Mbona hupiti huku?"

"Fundi amekataza."

"Basi kiache hapo. Harufu itaingia yenyewe."

Nilikiweka chini, makaa yake mekundu. Nikafungua mdomo nimwambie kiko upande gani asije akakikwaa.

"Usiniambie," alisema. "Nitakinusa."

Nikaondoka, na sikugeuka kumtazama akitoka.