Mita Ilisema Pikipiki Ni Nzima

Siku yangu ya kwanza kazini, katika gereji moja ya Makambako karibu na njia panda ya Songea, Fundi Mkuu aliniambia, "Lete hiyo steta hapo mezani." Nikampelekea stata. Alinitazama, akaitazama stata, akairudisha mwenyewe.

"Stata inasukuma injini ianze," alisema. "Steta ni hizi koili, nyaya zilizoviringishwa, zinazokaa ndani ya sumaku. Sumaku ikizunguka, umeme unazaliwa. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa, na wiki nzima nilikuwa nachungulia kwanza kabla ya kushika chochote.

Fundi Mkuu huyo ndiye aliyenifundisha kutumia mita, kile kisanduku cha kupimia umeme chenye waya mwekundu na mweusi. Kwanza unachomoa soketi, maana ukipima steta ikiwa imeungwa, mita itasoma na vitu vingine. Unageuza swichi kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa waya. Ncha moja unaigusisha kwenye waya wa koili ya moto, ile inayotoa umeme wa cheche ya plagi, na nyingine kwenye bodi ya injini. Ukipata namba inayokubaliana na kitabu cha pikipiki, koili ni nzima. Mita isiposoma kitu, waya umekatika ndani.

"Mita haina shemeji," alizoea kuniambia. "Haimpendelei mtu." Nililishika neno hilo kuliko yote aliyonifundisha.

Baadaye nilihamia Njombe, kwenye karakana iliyotunza pikipiki za wahudumu wa afya. Mkuu wa Karakana alikuwa mtu wa mafaili, hakupenda kushika spana. Kila safari pikipiki ilipoletwa, fundi aliijazia kadi: juu malalamiko ya dereva, chini majibu yake mwenyewe.

Nesi Faraja alibeba chanjo kwenda vijiji vya upande wa Wanging'ombe. Aliniletea malalamiko ambayo sikuyapatia kichwa wala miguu.

"Baba, inazima nikiwa katikati ya mlima," alisema. "Nikikaa kama nusu saa, inawaka. Ila nikifika, kina mama wameshachoka kusubiri, wamerudi na watoto wao."

Pikipiki ililala karakanani. Asubuhi, kwa ile baridi ya Njombe ya mwezi wa saba, nilipima koili ya moto: omu mia tatu na kitu, sawasawa na kitabu. Nikabadili plagi, nikasafisha kabureta, nikaizungusha uwanjani. Safi kabisa. Wiki mbili baadaye ikarudi na malalamiko yaleyale. Nikapima, mia tatu na kitu. Mara ya tatu nilianza kuhisi kwamba ama mimi si fundi, ama nesi ana lake.

"Ni nzima au si nzima?" Mkuu wa Karakana aliniuliza.

"Kwa mita, ni nzima."

"Basi andika."

Nikaandika kama mara mbili zilizotangulia: hakuna tatizo. Nikasaini.

Siku chache baadaye Faraja alikuja na barua ya wakubwa wake wa kazi mkononi. Alitakiwa ajieleze kwa nini anakwepa safari za chanjo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Kwenye hii ripoti waliyoambatanisha, hii ni sahihi yako?"

"Ni yangu."

"Kesho naenda Igwachanya. Panda nyuma yangu. Njoo na mita yako."

Nikapanda. Njia nzima sikujua niombe nini. Ikizima, nimemharibia mtu kazi kwa kalamu yangu. Isipozima, yeye ni mwongo, na kwa kweli hakuonekana mwongo. Kwenye mlima mmoja mrefu pikipiki ikakohoa, ikazima.

Nilichomoa soketi palepale, nikapima. Mita haikusoma kitu. Nikadhani imekufa betri, nikagusanisha ncha zake mbili, ikalia vizuri. Nikapima tena. Hakuna. Injini ilikuwa ya moto, haishikiki. Nikakaa kwenye majani, ncha nikiwa bado nimezishikilia kwenye waya na bodi. Injini ikaendelea kupoa. Mara namba ikaruka, ikapotea, ikarudi: mia tatu na kitu.

Waya mwembamba ulikuwa umekatika ndani ya koili. Ikipoa, ncha zake hugusana. Ikipata joto, huachana. Mimi siku zote niliipima ikiwa baridi.

"Nilikwambia inawaka nikikaa," Faraja alisema.

"Uliniambia."

Nikafunga steta mpya na kuandika ripoti ya pili. Mkuu wa Karakana aliisoma, akavua miwani. "Sasa nimwamini fundi yupi? Wa mwezi uliopita au wa leo?"

"Wote ni mimi, mkuu. Wa mwezi uliopita alikosea."

Barua ya Faraja ilifutwa. Aliendelea kunisalimia kama zamani, jambo lililonichanganya kuliko kama angenitukana.

Sasa nimestaafu, nalima viazi. Vijana wa gereji wakiniuliza, nawaambia: pima ikiwa baridi, kisha iendeshe, pima ikiwa ya moto. Hilo ni rahisi kulifundisha.

Nisilolielewa ni jingine. Siku ya kukabidhi karakana nilipostaafu, nilizikuta zile kadi tatu za pikipiki ya Faraja. Kwenye malalamiko, kila kadi, kwa mwandiko wangu: "Inazima ikipata joto, inawaka ikipoa." Chini yake, mwandiko uleule: "Hakuna tatizo." Nilisimama nazo mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Nikampa kadi ya juu, nikamwambia asome mstari wa kwanza.