Tangi la Bi Tatu na Mwani Uliokataa Kuisha

Siku yangu ya kwanza kazini niliua samaki kumi na mmoja kabla ya saa nne asubuhi. Ilikuwa katika shule moja ya sekondari huko Kisarawe, miaka michache baada ya Uhuru, nami nilikuwa nimeajiriwa kuwa mhudumu wa maabara. Kazi yenyewe sikuijua. Nilizaliwa Soga, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa Mnyamwezi aliyekuja pwani kutandika mataruma, na nilichojua ni kwamba kitu kichafu huoshwa kwa sabuni. Nikaona chombo cha kioo chenye utelezi wa kijani. Nikawahamishia samaki kwenye ndoo, nikakisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka kikang'aa, nikawarudisha. Hawakumaliza robo saa.

Mwalimu wa Sayansi alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndogo. Alitazama wale samaki wakielea matumbo juu, akanitazama mimi. Nilishaanza kufikiria nitamwambia nini baba.

"Maganga," akasema, "kuosha umeosha vizuri sana. Kosa lako hukuuliza ule ukijani ulitoka wapi."

Akanikalisha kwenye stuli, akanifundisha jambo ambalo limenilisha maisha yangu yote. Ule utelezi ni mwani, mmea usio na mizizi, nao unataka mwanga na chakula kama mmea mwingine wowote. Chakula chake ni mabaki ya samaki na vyakula vinavyooza majini. Vikioza vinakuwa mbolea. "Ukiona mwani umezidi," akasema, "usikimbilie brashi. Uliza kwanza nani anaulisha." Na kuhusu sabuni aliniambia nisiilete tena karibu na chombo cha kiumbe hai, hata tone.

Nilikaa naye miaka sita. Alinifundisha kunyonya maji kwa mpira hadi yashuke yenyewe, kusoma haidromita, ule mrija wa kioo unaoelea na kukuonyesha maji yana chumvi kiasi gani, na kuandika kila kitu kwenye daftari hata kama hakuna atakayelisoma. Nilipopata uhamisho kwenda Kibaha alinipa mkono na kusema, "Huko usiue mtu." Nilicheka. Baadaye kicheko hicho kilinitoka puani.

Kibaha nilipangiwa maabara ya kituo cha afya, chini ya Daktari. Yeye alikuwa kijana wa Kisarawe, mtoto wa wakulima wa upande wa Msimbu, mpole lakini mkali wa kazi. Mwaka wangu wa pili pale, mtaalamu mmoja wa kigeni alimaliza mkataba wake akarudi kwao, akamwachia Daktari tangi lake la maji ya bahari. Lilikuwa tangi refu la kioo lenye pampu ya hewa, taa ya tyubu juu yake, na ndani matumbawe hai. Vijana wengi hudhani tumbawe ni jiwe. Ni mkusanyiko wa wanyama wadogo wadogo sana wanaojijengea nyumba ya chokaa, na wanakufa kama mnyama yeyote. Kulikuwa na samaki wanne wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na wawili wa buluu. Kazi ya kulitunza nikapewa mimi, juu ya kazi zangu za maabara.

Daktari aliliweka nyumbani kwake, kwenye chumba cha mama yake, na alikuwa na sababu. Bi Tatu alikuwa ameletwa kutoka kijijini akiwa mgonjwa. Zamani aliishi kwenye boma la ndugu, dada na mawifi, wote wakila sinia moja. Watu walipohamia vijiji vipya, zile nyumba zilisambaa: huyu huku, yule kule, wengine wakafariki. Kisha naye akaletwa mjini. Mke wa Daktari alikuwa masomoni ng'ambo, Daktari mwenyewe hakurudi kabla ya saa kumi, na mpishi aliweka chakula mezani akaenda zake jikoni. Bibi akagoma kula. Tena dawa zake zilikuwa kali, zilitakiwa zinywewe baada ya chakula, asubuhi, mchana na jioni. Tangi lilipoingia chumbani mwake, akaanza kula.

"Maganga," Daktari aliniambia, "usilione kama pambo. Lile tangi likifa, mama atarudi kwenye njaa yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Daktari."

Basi kila asubuhi nilikuwa kwa Bi Tatu. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na Bibi hakuacha utani wake ulale hata siku moja.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, Mnyamwezi. Leo umebeba nini?"

"Maji ya bahari, Bibi."

"Babu zako walibeba pembe za ndovu. Wewe unabeba maji. Ukoo unashuka huo."

"Na babu zako Bibi walikaa barazani wakitutazama tunapita."

Alicheka mpaka akakohoa. Nilimpenda yule bibi tangu wiki ya kwanza, niseme ukweli.

Miezi mitatu baadaye mwani ukaja. Ulianza kama vumbi la kahawia kwenye kioo, ukageuka kijani, halafu ukaota nyuzi ndefu juu ya matumbawe. Mwani wa nyuzi ndio mbaya kuliko wote. Unamfunika tumbawe, anakosa mwanga na hewa, anafia chini yake huku wewe ukiona kijani kizuri.

Nilianza na niliyofundishwa. Nilisugua kioo kwa mswaki mkuukuu. Nilinyonya uchafu wa chini kwa mpira. Taa nikaipunguzia saa, dirisha nikalifunika kanga ili jua lisipige majini. Kila Jumamosi gari la kituo lilipokwenda Dar es Salaam nilipanda nyuma na madumu ya plastiki kuchota maji ya bahari. Debe la bati sikuligusa, maana kutu yake ni sumu kwa matumbawe. Nilibadilisha sehemu moja ya tano ya maji kila wiki. Yaliyopungua kwa kukauka nilijazia maji ya mvua, kwa kuwa maji yanakauka lakini chumvi inabaki. Nilileta na kome, wale konokono wa baharini, ambao kazi yao ni kukwangua mwani mchana kutwa. Kome walinenepa. Mwani nao ukanenepa.

Bwana Stoo wa kituo, ambaye kwa kila tatizo alikuwa na kopo, alinihurumia. "Ndugu Maganga, unajitesa bure. Tia mrututu kidogo, wiki moja umekwisha." Ni kweli, yale mawe ya buluu yanaua mwani, na kule Kisarawe tuliyatumia kwenye bwawa la shule. Lakini mrututu ukiingia kwenye maji ya bahari haumwachi kome wala tumbawe. Nilikataa, akaniona mbishi.

Siku moja nikinyonya uchafu, kitu cheupe kilipita kwenye mpira kikaanguka ndooni. Nikakiokota. Punje ya wali. Nikatazama juu ya maji, nikaona ule utando wa mafuta ambao kwa wiki nzima nilikuwa nalaumu pampu. Nikanusa kidole. Nazi.

Siku ya pili sikwenda asubuhi, nilikwenda saa saba mchana. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Bi Tatu alikuwa amekaa mkekani mbele ya tangi, sahani ya wali wa nazi na samaki mapajani. Akasema Bismillahi, akakata tonge, akalifikisha karibu na mdomo. Wale samaki wakajazana kwenye kioo kumtazama, kama wafanyavyo samaki wote wanaofugwa. Mkono wa Bibi ukasimama hewani.

"Haya, Mwanaidi, karibu," akasema. Akainuka taratibu, akaliweka lile tonge majini. "Na wewe Pili usimsukume dada yako, kipo cha kutosha."

Mwanaidi na Pili walikuwa dada zake. Wote wawili walikuwa wameshazikwa.

Nilirudi nyuma kimyakimya. Nilijua sasa nani anaulisha mwani, na nilitamani nisingejua. Kwetu mtu hali mbele ya mwenziwe bila kumkaribisha. Nitamwambiaje mtu mzima, umri wa bibi yangu, asimkaribishe mgeni? Nikimwambia Daktari, ataliondoa tangi chumbani, na tuliogopa hilohilo. Nikafikiri siku mbili nzima, nikaja na ujanja, na nikajiona nina akili.

"Bibi," nikamwambia, "hawa samaki kumbe wana tabia moja. Wanafunga. Mchana hawali kitu. Wanafuturu magharibi tu, tena kidogo, kizibo kimoja cha soda."

Akanitazama kwa jicho la pembeni. "Wewe unayekwenda kanisani ndiye unanifundisha funga?"

"Sikufundishi Bibi, nakupa habari."

"Haya. Basi nitawafuturisha mimi."

Nikamwachia kizibo na unga wa kamba waliokaushwa. Jamani, ule mwani! Wiki ya pili ukaanza kupauka. Wiki ya tatu nyuzi zikawa zinang'oka zenyewe, kome wakamalizia, na matumbawe yakafungua vidole vyao kama zamani. Daktari alinisifu mbele ya wafanyakazi wote, akaandika barua nipandishwe daraja. Nami nikatembea Kibaha nzima nimevimba kichwa.

Asubuhi moja Daktari alikuja maabara hajafunga hata vifungo vya shati. Bi Tatu alikuwa ameanguka uani. Amekonda, na dawa ya mchana amekuwa akiinywa kwenye tumbo tupu. Mpishi alikiri kwamba sahani ya mchana ilirudi jikoni haijaguswa kwa majuma matatu, na kwamba Bibi alimkataza kusema. "Sielewi," Daktari akasema. "Tangi ni zuri kuliko lilivyowahi kuwa, na mama hali." Kesho yake angempeleka hospitali kubwa ya Dar es Salaam.

Mimi nilielewa palepale. Niliacha vipimo mezani nikaondoka.

Nilimkuta Bibi kitandani, ameelekea kwenye tangi. Nilipiga magoti. "Bibi, nilikudanganya. Samaki hawafungi. Chakula ulichokuwa unawapa kilikuwa kinaotesha mwani, nikaona haya kukukataza."

"Mnyamwezi," akasema kwa sauti ndogo, "unadhani sijui samaki hawana dini? Nimevua samaki mimi, nimewakaanga, nimewala. Lakini umeshaniambia wamefunga. Kila nikishika tonge, nawaona wananitazama, naona aibu. Ntakulaje miye mbele ya waliofunga?"

"Ungekula jikoni basi, Bibi."

"Na nani?"

Nililia, mtu mzima na koti langu la maabara, naye akanipangusa kwa ncha ya kanga yake huku akisema Wanyamwezi siku hizi hawabebi hata machozi yao.

Nilikwenda kwa Daktari nikamweleza yote, tangu punje ya wali hadi kizibo. Nilitegemea barua ya kufukuzwa, na ningeipokea kwa mikono miwili. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Yeye alisema 'na nani'?"

"Ndiyo, Daktari."

"Mimi nikamletea mama yangu samaki," akasema, akageukia dirishani. Kisha, bila kunitazama: "Leo saa saba usiende kantini."

Tangu siku ile nilikula chakula cha mchana kwa Bi Tatu, sinia moja, yeye na mimi, na mara nyingi Daktari mwenyewe akatoroka wagonjwa wake robo saa akaja kukata matonge matatu. Hospitali ya Dar hakwenda. Nguvu zilimrudi polepole. Samaki walijazana kwenye kioo kama kawaida, naye akawaambia, "Nyinyi mtasubiri, nina wageni." Mwani haukurudi. Tulikula hivyo miaka minne, mpaka Mungu alipomchukua, usingizini.

Baada ya hapo nimehamishwa sana. Nimefanya kazi chini ya wakuu wengi, nikafika mpaka msimamizi wa maabara, nikastaafu nikajenga hapa Mbwawa. Mke wangu alifariki mwaka juzi. Binti yangu, anayeishi Dar, akaniletea tangi dogo la matumbawe, la kisasa, chumvi yake inakuja kwenye mfuko na taa inajizima yenyewe. Vijana wanaofuga samaki wa baharini majumbani wakisikia habari zangu wanakuja kuniuliza dawa ya mwani. Ninawaeleza habari za mpira, mwanga, maji ya mvua na kome. Halafu ninawauliza, kwenu nani anakula peke yake? Wanacheka, wanadhani mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Jumapili iliyopita binti yangu alikuja mchana. Nilikuwa nimeshajipakulia. Akaweka mkoba chini, akainama kutazama tangi, akakaa vile kwa muda. Kwenye kona ya kushoto, nyuma ya tumbawe kubwa, kulikuwa na nyuzi za kijani, chache tu. Hadithi ya Bi Tatu anaijua tangu mtoto. Nikainamisha uso kwenye sahani yangu.

Alikwenda kunawa mikono, akarudi, akavuta kigoda, akakata tonge kwenye sahani yangu.

"Baba," akasema, "na Jumatano nitakuwa nakuja."