Bibi yangu hajui kama ninasikia Kiingereza

Admin, jina langu ulifiche vizuri. Bunia iko kadogo, na mashemeji wangu wote wako humu.

Niko baba wa miaka hamsini na tatu, ninauza misumari na rangi sokoni. Kichwa yangu ni ngumu; kwenye masomo mwalimu alinipenda juu ya kufuta tablo, ule ubao, tu. Bibi yangu alikulia Ariwara, karibu na mupaka wa Uganda, na Kiingereza kinamutoka kama maji. Binti yetu anauguza wagonjwa Kampala. Wakiongea kwa telefone ni Kiingereza tu, mimi ninabaki kuangalia kama mbuzi ndani ya misa. Bibi ananichekelea: "Papa Neema, weye kunywa chai. Hii ni lugha ya watu wakubwa."

Sasa jubile ya ndoa yetu inakaribia, miaka makumi mbili na tano. Nikawaza nimushangaze: nisimame mbele ya wageni, nimushukuru kwa Kiingereza, tena kile cha maneno mazito. Nikaingia kwa siri katika grupu ya WhatsApp, kwenye mwalimu anatuma neno na maana yake kila asubuhi. Gratitude, shukrani. Cherish, kupenda kitu na kukichunga sana. Ninayakariri katikati ya ndoo za rangi. Mama mumoja aliomba misumari, nikamujibu "gratitude", akaniuliza kama malaria imenipanda kichwani.

Kisha mwalimu akatupa maneno yenye kuanza na "in". Inevitable, jambo lenye haliwezi kuepukwa. Incurable, ugonjwa wenye hauna dawa.

Juma lililopita nilirudia nyumbani saa ya chakula. Bibi alikuwa anachambua maharagi, telefone kwenye sauti kubwa. Akaniona, hakuipunguza. Aipunguze juu ya nani? Binti alikuwa analia, na yale maneno mawili ya "in" yakatoka mu kinywa chake. Bibi akamujibu polepole, kwa Kiingereza chepesi chenye hata mimi nilikishika, sawa vile mutu anaongea bei ya mafuta: baba yako asijue, umuache afurahie jubile yake.

Kumbe mimi nilikuwa ninajua ni vidonda vya tumbo. Ndivyo bibi aliniambia alipotoka hospitali kule Kampala, nami ninamununulia maziwa kila siku.

"Papa Neema, unasimama sawa mulinzi? Kaa ukule."

"Mulikuwa munaongea nini?"

"Vitenge. Bei imepanda."

"Aa, vitenge," nikasema. Nikakula. Usiniulize nilikula nini.

Tangu siku ile ananitania kuliko zamani, anacheka mpaka anashika tumbo, na ninajua kwa nini analishika. Nimeelewa kitu kimoja: katika nyumba hii, mbele yangu tu ndipo yeye haiko mugonjwa. Nikisimama na Kiingereza changu, atajua palepale kama nilisikia yote, na hiyo nafasi ndogo ya kucheka nitakuwa nimemunyanganya. Nikinyamaza, atabeba mzigo huu peke yake, nami niko kando yake kwenye kitanda kimoja, ninajifanya mujinga.

Wageni wamekwisha kualikwa, mbuzi amenunuliwa. Jana ameniuliza, "Siku ile utasema nini, weye mwenye kinywa kizito?" Nikamuambia atasikia.

Ndugu zangu, munishauri. Nikisimama mbele yake, nimushukuru kwa lugha gani?