Tulivyosubiri Ushuzi wa Binti Yangu

Wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao, watu wa Maguu tulipata wazimu. Zamani kahawa ulipeleka ushirika, ukasubiri. Sasa lori likipiga honi kule bondeni, anayechelewa anabaki na gunia lake. Ndivyo binti yangu, aliyekuwa ameolewa kilima cha pili, alivyoteremka mbio akishikilia baiskeli yenye gunia. Breki ikakatika. Baiskeli ikamzidi nguvu, usukani ukageuka, na ncha yake ya chuma isiyo na mpira ikamchoma tumboni, chini ya mbavu za kushoto.

Aliinuka anacheka. Damu hakuna. Alama yenyewe kama kifuniko cha soda. Nilipofika kwake nilimkuta amekaa barazani, analalamikia bega la kushoto. Bega! Wifi yake, amembeba mgongoni mtoto mchanga wa binti yangu, analisugua kwa mafuta. Mimi nikamtazama midomo: myeupe, utadhani amebugia unga mkavu. Nikamshika mkono. Wa baridi, tena unachuruzika jasho.

“Mama, naona giza,” akasema. Na jua lilikuwa linachoma.

Nilipiga kelele mpaka dereva wa lori akakubali kutubeba juu ya kahawa za watu. Mumewe alikuwa ameteremka Lundo, kule ziwani, kununua samaki, kwa hiyo mkwe wangu, baba wa mume, ndiye aliyepanda nami. Njia nzima yule mzee alimkinga jua kwa koti lake. Kila gurudumu lilipotumbukia shimoni, binti yangu alilia, na alipoacha kulia ndipo nilipoogopa zaidi.

Hospitalini, daktari wa upasuaji alikuwa mtu mfupi wa pwani, mikono midogo kama ya mwanamke.

“Shikamoo mama. Ameumia wapi?”

“Tumboni, lakini yeye analia bega.”

Hakucheka. “Damu ikijaa tumboni, bega nalo huuma.” Akamgusa tumbo, lilikuwa gumu kama ubao. Akachoma sindano pembeni, akavuta, ikaja damu nyeusi. “Bandama imepasuka. Tunamfungua sasa hivi.”

Mkwe akaanza, “Daktari, mumewe hajafika. Ukoo haujakaa...”

“Mzee, mkikaa mtakaa matanga.”

Mimi nikanyoosha kidole gumba hata kabla wino haujaletwa.

Yaliyofanyika ndani alinisimulia sista baadaye. Anasema tumbo lilipofunguka damu ilifurika, hakuna jicho lililoona kitu. Daktari akazamisha mkono kwenye dimbwi lile, akapapasa, akaibana bandama shinani kwa vidole, akatulia hivyo hivyo huku wenzake wakikausha. Damu ya kuongeza haikuwepo. Basi wakaichota ileile ya tumboni kwa kikombe kilichochemshwa, wakaichuja kwa kitambaa cha hospitali, wakamrudishia mshipani. Damu yake mwenyewe! Halafu daktari akaifunga bandama shinani, akaikata, akautoa utumbo wote nje, akaukagua kidogo kidogo kama mtu anayechambua mboga, asije akaacha tundu.

Alitoka hai. Nikadhani yamekwisha.

Kumbe bado. Daktari akasema asinywe hata tone mpaka ajambe. Utumbo ulioshikwashikwa hulala, na ushuzi ndiyo habari kwamba umeamka. Nikawa namlowesha midomo kwa pamba, ananiangalia kama kwamba ni mimi niliyemnyima maji. Mkwe wangu naye hakubanduka kando ya kitanda. Kila asubuhi sista aliingia na sauti yake ya mnadani:

“Haya mwali, umejamba?”

Binti yangu alifumba macho, akatikisa kichwa. Kesho yake hivyo hivyo. Na kesho yake. Tumbo likaanza kuvimba. Daktari aliinama, akaweka kipimo chake tumboni, akasikiliza muda mrefu, uso ukambadilika.

“Huenda kuna sehemu imeoza. Ikifika jioni bila kitu, namfungua tena.”

Nilijua mwili ule hauna damu ya kufunguliwa mara ya pili. Nilianza kuwaza nani atapewa mtoto wake amnyonyeshe.

Daktari alifika mlangoni, akasimama, akarudi. Akamtazama mgonjwa, akamtazama mzee.

“Mzee, naomba utupishe kidogo.”

Mkwe akatoka na koti lake. Daktari akainama. “Dada, nauliza tena. Umejamba?”

Binti yangu akageuza shingo polepole. “Baba ametoka?”

“Ametoka.”

“Tangu juzi,” akanong’ona. “Kidogo kidogo. Nabana.”

Mtu amekubali kufa kuliko kujamba mbele ya mkwe! Nikataka kumpiga, nikataka kumbusu. “Achia, we mtoto!” nikamwambia. Akaachia. Jamani, hata mgonjwa wa kitanda cha tatu aligeuka. Daktari aliweka kipimo, akasikiliza pande zote, akavuta pumzi. “Linaunguruma. Hafunguliwi mtu leo.”

Nilitoka wodini. Mkwe alikuwa amechuchumaa nje, macho mekundu.

“Wanamkata tena?”

“Hawamkati. Tumbo limefunguka.”

“Limefungukaje?”

Huyu mzee naye ni mkwe wangu. Ningemwambia nini?

“Limefunguka tu, mkwe. Nenda ukatafute uji. Mwepesi, usiwe na sukari nyingi. Na ukirudi, piga hodi.”