Fundi wa Damu

Hapa studio ya filamu, Chennai, mzee huyu tunamwita fundi wa damu. Huikoroga damu ya bandia, sharubati ya sukari na rangi, polepole, na kucha zake ni nyekundu hata anapokula wali. "Leo ufe vizuri bwana, jana ulikufa kama unasinzia!" mzee humtania Sudalai, mrukaji wetu anayeanguka badala ya waigizaji. Juzi, katika filamu ya kisasi, Sudalai aliruka kutoka ghorofani, akatapakaa damu, tukapiga makofi. Mzee akapiga magoti, akachovya kidole, akaonja.

"Hii ina chumvi! Ni yake! Zimeni kamera!"

"Mzee, toka hapo!" mwongozaji alifoka. "Endeleeni kupiga picha!"

Kamera tulikuwa tumeivika maua na kuivunjia nazi asubuhi, kuibariki kama kitu kitakatifu. Haiguswi kwa mikono michafu. Mzee aliinuka, akaliziba jicho la kamera kwa kiganja kilicholowa damu.