Kitambaa Kilichokataa Kutakata

Siku moja naikumbuka, mwanangu, hata ninapotaka kuisahau. Ilikuwa wakati wa Zaire, hapa hapa Bukavu, nami nilikuwa injinia kijana mwenye diploma mpya na kiburi kipya. Kazi yangu ilikuwa kurekebisha injini za malori zipate nguvu bila kutoa moshi mwingi. Leo mna mashine za kupimia moshi. Sisi tulikuwa na kitambaa cheupe: unakishika mbele ya bomba, dereva anakanyaga, halafu unasoma rangi. Usicheke, kilisema kweli.

Mkubwa wetu wa karakana, Muzee Mugisho, hakuruhusu gari litoke kabla ya kuuliza habari za kitambaa.

Asubuhi ile alikuja Papa Bisimwa, dereva wa lori la mchele wa Luberizi, kule bondeni.

"Injinia, ongeza mazutu kidogo," akaniambia. "Gari inachoka sana mu mulima. Wanasema weye ndio fundi wa kweli."

Nilijua kwamba huku kwetu juu hewa ni nyepesi. Injini ilikosa pumzi, chakula ilikuwa nacho. Kuizidishia mazutu, yaani dizeli, ni kumlisha kwa nguvu mtu anayehema. Moshi unakuwa mweusi, joto linapanda, vyuma vinaungua. Lakini alinisifu mbele ya wenzangu, na mimi nilipenda kusifiwa. Nikafungua skrubu ya pampu, mazutu yakazidi. Nikaweka kitambaa kwenye bomba, kikarudi na weusi wa masizi ya chungu. Nikakikunja, nikakitia mfukoni.

"Kitambaa inasema nini?" Muzee aliuliza kutoka ndani.

"Iko muzuri, Muzee."

Maneno matatu tu, mwanangu. Nimechoka nayo miaka yote hii.

Siku ya tatu, Papa Bisimwa akipanda mlima na magunia yake, injini iliungua, ikazima. Lori likarudi nyuma kwa uzito wa mzigo hadi likagonga mwamba. Walimtoa akiwa hai, lakini mguu wa kulia ulikatwa. Hakuendesha tena.

Muzee hakupiga kelele. Alinyoosha mkono tu, nikatoa kitambaa kilichokuwa bado mfukoni.

"Ulijua?"

"Nilijua, Muzee."

"Basi akili ulikuwa nayo. Ulikosa kusema. Kamata sabuni, ufue hii."

Nilifua mpaka vidole vikachubuka. Hakikutakata. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema. Mimi nilificha, akaumia mwingine.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba Papa Bisimwa hakunilaumu hata siku moja. Kila Jumapili baada ya misa alisimama na mkongojo wake akanisalimu: "Injinia, kazi iko namna gani?" Alidhani ni mlima uliomvunja. Nilimwacha adhani hivyo, mwaka baada ya mwaka, mpaka tukamzika kabla sijafungua kinywa. Majuto ni mjukuu, na wangu amezeeka pamoja nami.

Kesho unaanza kazi ya injini, mwanangu. Mwenye gari atakuomba nguvu, mkubwa atakuharakisha, na wewe utataka wakusifu. Pima, kisha sema ulichokiona siku hiyohiyo, hata kama kinakuaibisha. Na ukikosea, mwambie uliyemkosea akiwa bado anaweza kukujibu.

Chukua kitambaa hiki, mikono yangu imechoka kukishika. Mungu akupe macho ya kuona na ulimi usioogopa, na kila dereva atakayekuamini afike kwake kwa miguu yake miwili.